Mbale si mji wa kupita: jibu kwa dada wa Ntinda

Swali lililonifikia, kwa ufupi, ni hili: "Mimi ni Mkenya, nafanya kazi Kampala na naishi Ntinda na mume wangu na watoto wawili, wa miaka 13 na 9. Tunatafuta mji wa milimani wenye historia, tuwe tunaenda mara mbili tatu kwa mwaka badala ya kukaa ndani kila likizo. Mama mkwe wangu, Mbukusu wa Bungoma, angependa kuja nasi lakini magoti yanamsumbua. Wenzangu kazini wanasema Mbale hakuna kitu, ni mji wa kupita ukienda maporomoko ya Sipi. Ni kweli? Na tuje mwezi gani?"

Asante kwa kuuliza, dada. Wanaosema hivyo ni wengi, na karibu wote nimewaona kwa macho yangu: wanafika Mbale saa saba mchana, wananunua maji na roleksi, chapati iliyokunjwa na mayai, pale stendi, wanarukia taksi ya Kapchorwa inayopita Sipi. Mji hawakuuona. Nimeongoza watu kwenye mlima huu zaidi ya miaka ishirini, na ushauri wangu kwenu ni mmoja: geuzeni safari. Mbale iwe nyumbani, Sipi iwe matembezi ya siku moja. Na kabla ya kuuliza mwezi gani, jiulizeni mnakuja kutafuta nini, kwa sababu mlima huu una kazi yake kila msimu, na watu wanaoishi juu yake hufuata kazi hiyo.

Nianze na mlima wenyewe. Ramani zinauita Elgon. Wagisu, ambao wengi hujiita Wamasaba, wanauita Masaba, jina la babu yao. Ni volkano iliyozimika zamani mno, kitako chake kina upana wa kama kilomita 80, na wataalamu wa miamba wanaamini kuwa enzi zake ulikuwa mrefu kuliko Kilimanjaro. Leo kilele chake, Wagagai, kiko mita 4,321, upande wetu wa Uganda. Kwa sababu umetandaa hivyo, ukiwa Mbale huoni kilele. Unachokiona ni Wanale, mgongo wa mlima uliojitokeza hadi kwenye mlango wa mji, wenye kuta za mawe zilizosimama wima. Wengine wanauita Nkokonjeru, kuku mweupe.

Mkifika siku ya kwanza msiende popote. Tafuteni chumba chenye dirisha au baraza inayotazama mashariki, kisha saa kumi na moja jioni kaeni hapo na chai. Asubuhi Wanale hulikinga jua, kuta zote ni kivuli cheusi. Jioni jua linazipiga usoni na mawe yanageuka rangi ya chungu kipya. Kama mvua imenyesha mchana, mtaona maji yakishuka kutoka ukingoni kama nyuzi nyeupe. Ukihesabu sita, baada ya dakika kumi unaona ya saba. Mtoto wa miaka 9 atakaa kimya kuyahesabu. Nimeshuhudia mara nyingi.

Mji nao una historia yake, na sisi tunaosema Kiswahili tumo ndani yake. Kabla ya kuwapo mji, misafara ya Waswahili ya pembe za ndovu ilitokea Mumias, ikapita chini ya mlima huu kwenda Karamoja. Mwanzoni mwa karne ya 20 akaja Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, na watu wake; akajenga hapa, soko likakua, Wahindi wakafungua maduka. Waingereza, ambao yeye aliwatangulia na kuwafungulia njia, wakampokonya mamlaka kidogo kidogo. Alifariki mwaka 1928. Mkitembea mjini angalieni juu ya vibao vya maduka: nyumba nyingi za zamani bado zina baraza za nguzo na miaka ya kujengwa iliyochorwa kwenye saruji. Wazee hapa bado wanaeleza kwa uchungu jinsi Mbale ilivyosifiwa kuwa mji msafi kuliko yote Afrika Mashariki. Tangu Julai 2020 ni jiji kwa jina. Mitaro yake bado inahitaji kazi, siwafichi.

Kakungulu aliacha jambo jingine ambalo wageni wengi hawalitarajii. Baada ya kutofautiana na wakubwa wake Waingereza na hata na makanisa, mwaka 1919 alijitangaza kuwa Myahudi, yeye na wafuasi wake. Wajukuu wao, Abayudaya, wangali hapa. Wakati wa Idi Amin ibada yao ilipigwa marufuku, wengi wakaacha, wachache wakashika. Sinagogi lao kubwa liko kwenye kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji. Jumamosi asubuhi utasikia zaburi zikiimbwa kwa Luganda kwa sauti ambazo ukifumba macho ungedhani ni kwaya ya kanisa la kijijini. Pigeni simu kabla ya kwenda, vaeni kwa heshima, na Jumamosi msitoe simu kupiga picha; kwao ni siku ya mapumziko na jambo hilo linawaudhi kweli. Jirani na hapo, mwaka 2004, wakulima Wayahudi, Wakristo na Waislamu waliungana kuuza kahawa yao pamoja, wakauita ushirika wao Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Na mjini penyewe pana Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichofunguliwa 1988. Kwa hiyo mwanao wa miaka 13 akikuuliza kwa nini adhana, kengele na zaburi hizo zinasikika katika mji mmoja, mna mazungumzo ya wikiendi nzima.

Sasa misimu. Kwa hesabu ya mlima, miezi mikavu ni Desemba hadi Februari, na tena Juni hadi Julai. Machi hadi Mei ni mvua kubwa. Agosti hadi Novemba mvua hurudi, mara nyingi mchana. Watu hunisikia wakadhani nawaambia wasije wakati wa mvua. La. Ninachosema ni kwamba wakati wa mvua mnakuja kwa mambo ya chini, na wakati wa kiangazi mnapanda.

Desemba na Januari ndiyo miezi ninayoipendekeza kwa safari yenu ya kwanza, kwa sababu njia ni kavu na kahawa iko mikononi mwa watu. Arabika ya Bugisu hulimwa kwenye miteremko hii chini ya migomba, na tangu mwaka 1954 wakulima wana chama chao kikuu cha ushirika, ambacho ofisi zake ziko mjini. Lakini kahawa haionekani ofisini. Nendeni nyumba ya mkulima, iwe upande wa Budadiri au Sipi. Mtapewa kikapu, mtachuma zile nyekundu tu, kisha mtazimimina kwenye mashine ya mkono yenye gurudumu la chuma. Mtoto anazungusha mpini, maganda yanatokea nyuma, punje zinatoka mbele zikiwa na utelezi kama mbegu za pasheni. Hulazwa usiku, huoshwa, huanikwa. Mama wa nyumba atatwaa zilizokauka tangu wiki iliyopita, atazitwanga kwenye kinu kuondoa ganda, atazikaanga kwenye sufuria hadi zianze kupasuka, ta, ta, ta, na moshi wa buluu uinuke. Kisha kinu tena. Kikombe kile, dada, ndicho kitakachowafanya muulize kwa nini mkulima analipwa kidogo hivyo, na mwulizeni mwenyewe. Atawaeleza bei kwa kilo bila kusita. Mama mkwe anaweza kufanya yote haya akiwa amekaa kwenye kigoda.

Kwa matembezi ya watoto, nawapa mawili. La kwanza ni juu ya Wanale: gari linafika juu, kisha kuna vijia vya hifadhi vya saa mbili tatu hadi kwenye pango la Khauka. Njiani mtapishana na kina mama wanaoteremka na mikungu ya ndizi na mizigo ya kabichi kichwani kwenda soko la Mbale, kwenye mteremko ambao nyinyi mnaushuka kwa kushika miti. Wapisheni, wao ndio wenye mzigo. La pili ni Kapkwai, kituo cha hifadhi kilicho mbele ya Sipi, kama mita 2,050 juu ya bahari. Pale kuna mizunguko mifupi ndani ya msitu, poromoko la Chebonet, na mbega weupe na weusi ambao watoto huwaona kabla ya watu wazima. Nendeni na mwongozaji wa hifadhi, lipeni ofisini, chukueni risiti. Wakazi wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni wa mbali, basi bebeni vitambulisho.

Sipi yenyewe sitaisemea sana, kila mtu ameisemea. Maporomoko ni matatu, refu kuliko yote linakaribia mita 100, na jina limetoka kwenye mmea uitwao sep, unaofanana na mgomba, unaoota kando ya mto. Kutoka Mbale ni kama saa moja kwa barabara ya lami. Mwanao wa miaka 13 atataka kuteremka kwa kamba kando ya poromoko kubwa. Wapo vijana wanaoifanya kazi hiyo vizuri, ila angalieni wenyewe hali ya kofia na kamba kabla ya kulipa. Mama mkwe atakaa juu ukingoni, ataona kila kitu bila kushuka hata ngazi moja. Mkiweza, laleni usiku mmoja Kapchorwa. Saa kumi na mbili na nusu alfajiri, barabarani, mtasikia nyayo kabla ya kuona watu: vikundi vya vijana wakikimbia, pumzi zao zikionekana kwenye baridi. Hapa ndipo nyumbani kwa Stephen Kiprotich, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki London 2012, na Joshua Cheptegei, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 mwaka 2020 na kutwaa dhahabu ya mita 10,000 Paris 2024. Amkeni mapema.

Wagagai ni jambo jingine. Siwashauri mwaka huu. Mwanao mkubwa akifika 15 au 16 na akiwa mzoefu wa kutembea, njooni Januari au Februari. Njia ya Sasa kutoka Budadiri ni siku nne. Siku ya kwanza pekee mnapanda zaidi ya mita 1,600, mkikwea kuta za Mudangi kwa ngazi, hadi kambi ya mto Sasa, mita 2,900. Ya pili mnapita mianzi na kuingia kwenye nyasi za juu zenye miti ya ajabu inayofanana na kabichi kubwa zilizosimama juu ya magogo, mnalala pango la Mude, mita 3,500, ambapo maji kwenye chupa huweza kuganda. Ya tatu kileleni na kurudi Mude. Ya nne kushuka.

Naeleza siku hizi kwa makusudi. Miaka kadhaa iliyopita wakala mmoja wa safari aliwauzia vijana watatu wa Kampala Wagagai ya siku mbili. Nikaajiriwa njiani, sikuuliza maswali ya kutosha, na hilo nalijutia hadi leo. Jioni ya kwanza tulivuka kambi ya Sasa tukaendelea. Karibu na Mude mmoja wao, kijana mwenye afya anayecheza mpira kila Jumapili, akaanza kutapika, akawa anajibu maswali kwa kuchelewa, kama mtu anayeitwa kutoka chumba kingine. Ule ni ugonjwa wa kimo. Hewa huko ni haba na mwili haukupewa muda. Mimi na mpagazi tulimshusha usiku ule ule kwa tochi moja, tukimshika mikono huku na huku. Tulipofika chini ya mita 3,000 akaomba uji. Hapo nikalia. Tangu siku hiyo mtu akiniambia "siku mbili" namrudishia pesa yake. Nanyi mkiambiwa hivyo, ondokeni.

Na msichanganye: mapango maarufu ambamo tembo huingia kulamba chumvi, Kitum na mengineyo, yako upande wa Kenya. Mtu akiwaahidi tembo wa mapangoni kutoka Mbale, hajui mlima.

Agosti ndiyo safari ya mama mkwe. Imbalu, tohara ya Wamasaba, hufanyika mwaka shufwa: 2024 ulikuwa mwaka wake, na 2026 nao ni wake. Yeye hahitaji kuelezwa, maana Wabukusu nao hutahiri Agosti ya mwaka shufwa, na pande mbili hizi za mpaka hujiona ndugu. Akimsalimu mtu hapa "mulembe", atajibiwa "mulembe". Ufunguzi huwa uwanja wa Mutoto, pembezoni mwa mji, mahali ambapo wazee husema tohara ya kwanza ilifanyika. Husimulia kuwa Masaba alimpenda Nabarwa, binti wa jirani zao Wakalenjini, naye akakataa kuolewa hadi Masaba atahiriwe kama wanaume wa kwao. Kisha zamu huenda ukoo kwa ukoo na wilaya kwa wilaya kwa miezi kadhaa.

Kitu kizuri cha kutazama ni siku za kabla. Kijana amepakwa unga uso mzima, ana shanga kifuani na njuga mapajani, anatembea nyumba kwa nyumba kwa wajomba na mashangazi kuwajulisha kuwa wakati wake umefika. Ngoma za kadodi zinamfuata, na barabara nzima inacheza, bodaboda zinasimama. Niliwahi kusimama mlangoni mwa shangazi mmoja kijana alipofika. Shangazi hakumkumbatia. Alimtazama kwa muda mrefu, akamwambia maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama "baba yako hakutingishika," akampa kuku. Kijana akamwinua kuku juu, njuga zikalia, wakaondoka. Shangazi akabaki anafuta macho kwa kanga.

Kwa hiyo naomba mshike haya. Kama hamkualikwa na familia, bakini na ngoma. Msifuate hadi kwenye kisu. Mkialikwa, mtoto wa miaka 9 asiende. Kijana husimama wima mbele ya umati bila kupepesa, na kutetereka ni aibu ya ukoo mzima. Kamera ya mgeni usoni mwake wakati huo ni ukosefu wa adabu mkubwa. Ombeni ruhusa kwa mzee wa nyumba, si kwa kijana mnayemkuta barabarani. Mkitunza wachezaji, noti ndogo zinatosha. Siku ya Mutoto umati ni mkubwa sana, mtafutieni mama kiti pembeni mapema na simu ziwe mifuko ya ndani.

Sasa jambo ambalo vijitabu vya utalii huliruka. Mlima huu huua mvua inapozidi. Machi 2010 ardhi iliporomoka Nametsi, wilaya ya Bududa, ikafukia kijiji na mamia ya watu. Usiku wa kuamkia 31 Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika ndani ya Mbale yenyewe, ikachukua watu na magari. Nilitoka asubuhi kutafuta jamaa zangu kwenye matope. Novemba 2024 ardhi ikaporomoka tena, wilaya ya Bulambuli. Udongo ni laini, miteremko ni mikali, na watu ni wengi kuliko mashamba. Kwenu maana yake ni hivi: Aprili, Mei, Oktoba na Novemba laleni mjini au mahali palipo wazi, si chini ya mteremko uliolimwa, msivuke mto uliobadilika rangi kuwa chai ya maziwa, hata kama dereva anasema ni kawaida, mwongozaji akisema leo hatupandi, msibishane naye. Siku hizo kuna michoro ya kale ya miamba ya Nyero, karibu na Kumi, kama saa moja hivi kwa gari upande wa Teso. Mizunguko ya rangi nyekundu kwenye jiwe, na nchi tambarare mbele yako. Watoto hupanda mawe, watu wazima hukaa kivulini.

Njia. Kutoka Kampala ni kama kilomita 230, kupitia Jinja, Iganga na Tirinyi. Hesabu saa tano ukitoka saa kumi na mbili asubuhi, na zaidi ukichelewa kuvuka Mukono. Mama mkwe asisumbuke kuja Kampala kwanza. Kutoka Bungoma aje kwa mpaka wa Lwakhakha, barabara ya upande wetu ina lami hadi Mbale, na kitambulisho cha taifa cha Kenya kinamtosha kuvuka. Awe pia na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mkutane naye mjini, ila mmoja wenu ampokee mpakani, maana mizigo na magoti haviendani.

Na msiondoke bila kula malewa. Ni machipukizi ya mianzi ya mlimani, hukaushwa kwa moshi, huchemshwa hadi yalainike na kupikwa kwa karanga zilizosagwa. Huliwa na matoke. Ladha yake ni ya moshi na nyama, na hakuna nyama. Mama mkwe atawafundisha namna ya kuyaloweka, maana kwao pia yanajulikana. Makavu huuzwa soko kuu kwa mafungu. Chagueni yenye rangi ya kahawia ya kung'aa, yasiyo na unga mweupe, na mnunue siku ya kuondoka.